Imezimwa, Imezimika, Imejizima

Mama mmoja kutoka Daudi, huku Mbulu, aliweka simu juu ya meza ya fundi akasema, "Mwanangu, imezima." Fundi hakuigusa. "Shikamoo, mama. Imezimwa, imezimika au imejizima?"

Nilikuwa kwenye benchi nasubiri kompyuta yangu, nikacheka peke yangu. Lugha ya nyumbani kwa wote wawili ni Kiiraqw, lugha ya ukoo wa Kikushi isiyo na undugu na Kibantu. Lakini swali lile sijawahi kulisikia likiulizwa vizuri zaidi, hata na mtu wa pwani.

Mama akaeleza. Usiku simu ilisema inajisasisha, akaiacha kwenye chaji akalala. Umeme ukakatika. Tangu alfajiri inawaka, inazima, inawaka.

Kitaalamu, yote matatu aliyoyataja fundi, mashine ikiwaka tena, huitwa ributi, na vijana wetu wanasema "imerestati". Neno moja, na halisemi nani kafanya. Kiswahili hakikupi nafasi ya kukwepa hivyo. Imezimwa: yupo aliyeizima, pengine programu ya usasishaji yenyewe, kwa ratiba yake. Imezimika: hakuna aliyekusudia, umeme wa Luku umeisha au betri imechoka. Imejizima: sababu imo ndani, itafute humo. Herufi mbili tatu katikati ya kitenzi zinabeba uchunguzi mzima. Na ndiyo tofauti anayoitaka mtu anayesimamia mashine mia zinazojisasisha usiku bila mlinzi: kuzimwa alikutarajia, kuzimika akuvumilie, kujizima akusimamishie kazi yote mpaka ajue kulikoni.

Tumegombana miaka mingi juu ya majina. Kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ukishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na tangu hapo kila orodha ya istilahi inajaa nomino. Vitenzi tunavisahau, wakati utajiri wetu umo humo.

Chukua tafsiri iliyozoeleka ya ributi: kuanzisha upya. "Upya" hapa ni kosa, tena kosa la hatari. Anayeanza upya hufuta ubao. Usasishaji uliokatika njiani hautakiwi kuanza upya. Unatakiwa kuendelea ulipoishia. Nusu ya mafaili ni mapya, nusu ya zamani, na mashine inayojiona imezaliwa leo itayavuruga yote. Afadhali "kuwasha tena", maana "tena" inakumbuka kwamba kulikuwa na jana. (Neno ributi lenyewe lina kichekesho chake. Linatokana na kitanzi cha nyuma ya buti, na msemo wa Kiingereza wa mtu kujinyanyua kwa kuvuta kitanzi hicho mwenyewe. Sisi tuliazima buti, kitanzi tukakiacha.)

Kwa kuzimika kusikotarajiwa nina pendekezo langu: kuzinduka. Mtu akizimia halafu akazinduka, haanzi maisha upya. Anafungua macho, anauliza, "Niko wapi? Imekuwaje?" Programu nzuri ya usasishaji hufanya vivyo hivyo. Kabla ya kila hatua huandika diskini imefika wapi, si kwenye kumbukumbu inayopotea na umeme. Ikiwaka, jambo la kwanza ni kusoma maandishi yake yenyewe. Najua "kuzindua" limetekwa na viongozi wenye mikasi na utepe. Lakini lina ndugu yake, zindiko, ile kinga ya kiganga, na kuzindua ni kuliondoa. Neno lenye ukoo wa namna hiyo halishindwi na kompyuta.

Kuna wanaozinduka na kuzimia palepale. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5. Faili lenye kasoro lilisomwa kila mashine ilipowaka, ikaanguka, ikawaka, ikaanguka. Microsoft ilieleza kwamba wateja wake wengine walifanikiwa baada ya kuwasha tena hadi mara 15. Simu za Android zina dawa yake tangu toleo la 7.0 la mwaka 2016: zile zenye utaratibu wa A na B huweka mfumo sehemu mbili, husasisha ile iliyolala, na ile mpya ikigoma kuwaka zinarudi kwenye ya zamani. Simu ya yule mama haikuwa na utaratibu huo.

Istilahi ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, inatoka jikoni. Debian na Ubuntu hutumia programu iitwayo dpkg, ambayo huandika hali ya kila kifurushi: hiki kimekamilika, hiki kimefunguliwa tu, hiki kimesanidiwa nusu. Mashine ikizimika katikati, dpkg haitupi chungu. Unaiamuru dpkg --configure -a, nayo inamalizia kilichobaki. Wataalamu wana majina marefu ya hali hiyo ya nusu. Sisi tuna kiporo, chakula cha jana kinachosubiri moto. Wapenzi wa mpira wanalijua kwa mechi ambazo timu haijacheza, wabunge kwa miradi iliyokwama, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Fundi aliiunganisha simu na kompyuta, akaitazama ikiwaka na kuzima mara mbili, akatikisa kichwa. "Imezimika ikiwa katikati ya kazi, mama. Mafaili yako naona yapo. Nitaimalizia usiku, umeme ukiwa umetulia."

Akafungua daftari la kaunta, akaandika namba ya simu, na mbele yake neno moja: kiporo.