Gambiti ni ngwala

Wacheza sataranji husema "gambiti" mtu anapomtoa askari wake aliwe makusudi, ili kete nyingine zipate njia. Padri Mhispania Ruy López alilitumia neno hilo kitabuni mwake mwaka 1561, akilichota kwenye Kiitaliano *gambetto*, yaani kumtega mtu mguu aanguke. Sisi tuna neno letu zamani: ngwala.

Na ngwala humwangusha asiyeitarajia. Ndiyo maana mbinu za kufungulia mchezo huvuma, kisha hufifia. Chukua gambiti ya mfalme: askari wa mfalme anasogea nyumba mbili, mpinzani anajibu vivyo hivyo, halafu askari wa jirani anatolewa kafara. Jijini London mwaka 1851, Adolf Anderssen alimfungulia hivyo Lionel Kieseritzky, akaachia ngome zote mbili na malkia zichukuliwe, na bado akashinda. Enzi hizo, kuikataa kafara ilikuwa kama uoga. Baadaye watu walijifunza kumla yule askari, kisha kumrudisha kwa wakati wao, mambo yakawa sawa. Ngwala ikakosa mguu.

Mwaka 1960 Bobby Fischer alifungwa na Boris Spassky kwa gambiti hiyohiyo. Mwaka uliofuata akaandika makala kudai ameivunja kabisa. Mwaka 1963 akaicheza mwenyewe, akashinda. Ngwala ikishasahaulika, miguu huwa wazi tena.