Malale: kimelea cha seli moja kilichohamisha watu wa Ziwa Victoria

Mwaka 1901, Albert Cook na ndugu yake Jack, madaktari wa hospitali ya misheni ya Mengo nchini Uganda, walianza kupokea wagonjwa wa ajabu. Walikuja na homa na tezi zilizovimba shingoni. Ugonjwa ulipokomaa walisinzia mchana kutwa, hata chakula kikiwa mbele yao, na usiku wakakesha. Wakachanganyikiwa, wakadhoofu, wakafa. Inakadiriwa kwamba kufikia mwaka 1920 ugonjwa huo, malale, ulikuwa umeua watu zaidi ya 200,000, wengi wao wa Busoga na wa visiwa na fukwe za kaskazini mwa Ziwa Victoria.

Muuaji alikuwa tripanosoma, kimelea cha seli moja cha kundi la protozoa. Ni chembamba, na kina mkia kinaoupiga ili kuogelea kati ya chembe za damu. Mwaka 1902 Aldo Castellani alikiona kwa hadubini huko Entebbe, katika maji ya uti wa mgongo wa mgonjwa. Mwaka uliofuata David Bruce na wenzake walionyesha kwamba kinaenezwa na mbung'o, nzi mnyonya damu wa vichaka vya kando ya ziwa.

Bruce alikuwa ameshakutana na kimelea kingine cha jamaa hiyo. Katikati ya miaka ya 1890 huko Zululand, akisaidiwa na mkewe Mary, alikiona katika damu ya ng'ombe wenye ugonjwa wa nagana. Akagundua pia kwamba nyati na swala walikibeba bila kuugua. Hapo ndipo penye kiini cha historia hii. Tripanosoma, mbung'o na wanyamapori wamezoeana tangu zama za kale. Ng'ombe ndiye mgeni. Kwa sababu ya nagana, maeneo makubwa ya nyika hayakufugiwa mifugo, na wanyama wa porini wakabaki na makao. Kimelea tunachokilaani kimechangia kutulindia mapori tunayojivunia leo.

Wafugaji wa Afrika Mashariki walijua kuishi na adui huyo. Walichoma nyasi, walifyeka vichaka kuzunguka vijiji na kuepusha mifugo na nchi ya mbung'o. Miaka ya 1890 mpangilio huo ulivunjika. Ugonjwa wa sotoka uliteketeza ng'ombe, njaa na vita vikapunguza watu, mashamba yakageuka vichaka, na mbung'o wakasogea hadi milangoni.

Serikali za kikoloni zilijibu kwa amri. Kuanzia mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell aliwahamisha watu wa fukwe za ziwa, na baadaye wavuvi wa Sese wakaviacha visiwa vyao. Tanganyika nayo ilikusanya wanavijiji katika makazi maalumu. Waliohamishwa walinusurika na mbung'o, lakini walipoteza mashamba, mitumbwi na makaburi ya wazee wao.

Dawa nazo zilikuwa kali. Atoksili, dawa yenye aseniki aliyoijaribu Robert Koch huko Sese, ilipofusha baadhi ya wagonjwa. Melarsoproli, iliyoanza kutumika mwaka 1949, iliua takriban wagonjwa 5 kati ya kila 100 waliotibiwa. Chanjo haijapatikana, kwani tripanosoma hubadili protini zinazofunika mwili wake kama mhalifu anayebadili kanzu kila askari wanapomtambua.

Ushindi mkubwa wa kwetu ulipatikana Unguja, na siri yake ni uzazi wa mbung'o. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, na huzaa buu mmoja mmoja. Akipandwa na dume tasa, basi hana kizazi. Tanga, wataalamu wa Tanzania na wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki walifuga mbung'o kwa kuwalisha damu, wakawafanya madume kuwa tasa kwa mionzi, kisha wakawamwaga kwa ndege juu ya kisiwa. Madume zaidi ya milioni 8 waliachiliwa. Mwaka 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina tena mbung'o, na wafugaji wakapumua.

Kwa binadamu pia hali imebadilika. Mwaka 1998 wagonjwa karibu 40,000 waliripotiwa Afrika nzima. Miaka ya karibuni hawafiki 1,000 kwa mwaka. Feksinidazoli, dawa ya vidonge iliyojaribiwa hasa nchini Kongo, imewaondolea wagonjwa wengi adha ya sindano. Nchini Kenya, ilithibitishwa mwaka 2025 kuwa malale si tena tishio kwa afya ya umma.

Hata hivyo, mwaka 2001 watalii waliotembelea Serengeti na Tarangire waliugua malale, kwa kuwa kimelea kingali katika damu ya wanyama. Hakuna haja ya kuwaua wanyama hao, wala ya kuwang'oa watu makwao. Kinachohitajika ni mitego ya mbung'o, zahanati zenye hadubini na wahudumu wanaojua kuitumia. Tukiviacha hivyo kwa sababu wagonjwa wamepungua, tutakuwa tumekifungulia kimelea njia kama ilivyofanyika miaka ya 1890.