Kijiti cha muhogo toka kwa rafiki

Shamba nyingi za kwetu hazikuanzishwa na feza. Mutu anahamia mahali pa ugeni, rafiki anamukatia shina la muhogo, anamupa kamba za matembele, pengine na mutoto wa mugomba. Kazi inaanza.

Mimea hii yenyewe ilitembea vile vile. Muhogo na kiazi kitamu asili yao ni Amerika. Muhogo uliletwa na Wareno kwenye pwani ya Afrika katika karne ya 16, na toka pale ulipita mukononi mwa watu, kijiti kwa kijiti, mpaka ndani ya bara. Ndizi nayo ilitoka Asia, na ile tunayolima haina mbegu ya kupanda: kila mugomba ni mutoto aliyetolewa ubavuni mwa mama yake. Kwa hiyo historia ya chakula chetu ni historia ya watu waliopeana, hata kama vitabu vya masomo vinapenda zaidi kusimulia wafalme.

Kule Kyavinyonge jambo hili ni gumu kidogo. Mji ule wa wavuvi, kando ya Ziwa Eduwardi, umo ndani ya Parki ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925 kwa jina la Parki Albert. Pamoja na Vitshumbi na Nyakakoma, uvuvi umekubaliwa pale, lakini kupanua shamba, hapana. Ndiyo sababu watu wanalima karibu na nyumba: lengalenga, matembele, sombe. Na usiku kiboko anatoka majini, anakula bila kuomba ruhusa! Chakula kingine kinateremuka toka milimani, upande wa Kyondo na Isale, na samaki inapanda kule. Mama anayepandisha samaki akiwa na rafiki mulimani, anaweza kurudi na vijiti ndani ya kitunga.

Kijiti kizuri kinakatwa katikati ya shina lililokomaa, urefu kama sentimetre 20 au 25, chenye macho tano hivi au zaidi. Kinawekwa kivulini, kinangoja mvua. Matembele haina shida: unafukia sehemu ya kamba, basi.

Lakini zawadi inaweza kubeba ugonjwa. Mozaiki ya muhogo inaenezwa na inzi mudogo mweupe, tena inasafiri ndani ya kijiti chenyewe. Mwaka 2001 ugonjwa wa kunyausha migomba ulionekana Masisi. Huo unapita kwa watoto wa mugomba na kwa panga. Sasa utamwambia nini rafiki aliyekukatia kwa moyo mweupe? Kukataa mbele yake ni kama kumutukana.

Mimi naona dawa ni kuingia naye shambani mbele hajakata, muchague pamoja. Muhogo wenye majani yaliyojikunja na madoa ya manjano, muupite. Panga ipitishwe kwenye moto. Na kama mugomba mumoja tu umenyauka mule, musitoe mutoto hata mumoja. Muombe tu matembele, murudi nyumbani.