Historia ya faili si maneno yake tu

Mwaka 1972 Marc Rochkind wa Bell Labs, kule Marekani, alianzisha SCCS, programu ya kutunza kila badiliko la faili pamoja na jina la aliyelifanya. Mwaka 1982 Walter Tichy akaleta RCS. Mwaka 2005 Linus Torvalds akaandika Git, kisha watu wa Linux kunyimwa BitKeeper ya bure.

Lakini hizo zote zilitengenezwa kwa maandishi ya programu. Git inatunza yaliyomo, na kama faili inaweza kuendeshwa, basi. Mwenye faili ni nani, nani ana ruhusa ya kuisoma: hayo haiandiki.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa natunza folda ya /etc ya seva ya ofisi moja kwa Git. Siku ilipoharibika, nikarudisha yote. Maneno yalikuwa kamili, nikafurahi. Kumbe faili shadow, ile yenye nywila zilizofichwa, sasa kila mtumiaji anaweza kuisoma!

Mwaka 2007 Joey Hess alikuwa ametoa etckeeper. Kabla Git haijatunza kitu, yenyewe inaandika mwenye faili na ruhusa zake ndani ya faili .etckeeper. Ukirudisha folda, amri etckeeper init inazirudisha nazo.

Karatasi ya kiwanja yenye mipaka bila jina la mwenyewe, itakulinda? Na seva yako ni vile vile. Angalieni leo, mbele ya siku ya taabu.