Mbwa aliyekwisha kwao, uzao wake ukabaki ugenini

Mbwa aina ya Labrador wanajulikana karibu dunia nzima. Wengine wanaongoza vipofu, wengine wananusa baruti kwenye viwanja vya ndege. Lakini kazi iliyowapa jina ni nyingine: mwindaji akipiga bata, bata akaanguka majini, mbwa anaogelea, anamshika mdomoni bila kumtafuna na kumrudisha kwa bwana wake. Babu zao hawakuianza kazi hiyo kwa ndege. Waliianza kwa samaki.

Walikuwa mbwa wa wavuvi wa kisiwa cha Newfoundland, ambacho leo ni sehemu ya Kanada. Waliitwa mbwa wa St. John's, jina la mji mkubwa wa kisiwa hicho. Walikuwa weusi, wenye doa jeupe kifuani, na manyoya mafupi mazito yasiyoshika barafu. Samaki akiponyoka kwenye ndoana, mbwa aliruka kumfuata katika maji ya baridi kali. Alivuta kamba na nyavu pia. Samaki wenyewe walitiwa chumvi na kukaushwa: ni makayabo, ile ile inayojulikana katika masoko ya Congo.

Makayabo ndiyo iliyowavusha bahari. Meli ziliipeleka bandari ya Poole, kusini mwa Uingereza, na mbwa wakauzwa huko. Katika karne ya 19, Earl wa Malmesbury, tajiri mwenye mashamba karibu na Poole, aliwatumia kuwinda bata kwenye mabonde yenye kujaa maji. Katika miaka ya 1880 ukoo huo ukawapa watu wa Duke wa Buccleuch, kule Scotland, mbwa kadhaa, kati yao Ned na Avon. Kwa uzao wao Labrador wa leo walipatikana. Chama cha mbwa cha Uingereza kiliwatambua rasmi mwaka wa 1903.

Kule kwao mambo yalikuwa magumu. Tangu mwaka wa 1780, gavana Richard Edwards alitangaza kwamba kila nyumba ifuge mbwa mmoja tu. Baadaye serkali ikataka watu wafuge kondoo, na sheria ya 1885 ikaruhusu maeneo kukataza mbwa kabisa. Mvuvi asiye na hata kondoo mmoja alibanwa pamoja na wengine, na hiyo haikuwa haki. Uingereza nayo, kwa kuogopa kichaa cha mbwa, ikaanza kuwafungia kwa miezi mbwa waliotoka ng'ambo. Biashara ikafa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wawili wa mwisho walipigwa picha katika kijiji cha Grand Bruit, ambako hakuna barabara inayofika. Wote wawili walikuwa madume, tena wazee. Kijiji chenyewe kilihamwa mwaka wa 2010: samaki walikuwa wamepungua, wakaaji wachache waliobaki wakapokea pesa za serkali, wakaondoka. Hata leo, mara moja moja, mtoto wa Labrador anazaliwa na doa jeupe kifuani.