Basi la Shule Lililogeuka Nyumba

Nchini Marekani, desturi ya kugeuza basi kuukuu la shule kuwa nyumba hunasibishwa na vijana waasi wa miaka ya 1960. Kwa maoni yangu, mzizi wake uko kwenye mkutano wa walimu na wahandisi. Aprili 1939, profesa Frank Cyr aliwakutanisha katika Teachers College, Columbia University, New York, wakaafikiana viwango 44 vya basi la shule: rangi ya manjano, urefu wa bodi, kimo cha dari, upana wa njia katikati ya viti. Walimfikiria mtoto na usalama wake. Lakini bodi ya chuma yenye mbavu imara namna hiyo hubaki nzima hata shule inapoiuza. Ukiving'oa viti, unapata chumba kirefu chenye madirisha pande zote.

Mpinzani atamtaja Ken Kesey, mwandishi aliyevuka Marekani mwaka 1964 kwa basi lililopakwa rangi za kila namna. Hoja hiyo ina uzito, maana ndiye aliyelipatia basi umaarufu. Ila alilinunua likiwa tayari na vitanda: mmiliki aliyetangulia alikwisha kuligeuza kwa ajili ya familia yake. Hata wafuasi wa Stephen Gaskin, kiongozi wa mahipi, waliofika Tennessee na msafara wa mabasi na kuanzisha makazi yao karibu na Summertown mwaka 1971, hawakuyageuza kuwa mabango ya uasi. Waliwalaza watoto wao humo huku wakilima, wakichimba visima na kujenga nyumba zenye misingi.