Nguo za miaka ya 1950 na 1960: kuzijua, kuzinunua na kuzivaa Louisville, Columbus na Buffalo

Nguo za zamani, au vinteji kama vijana wanavyoziita, ni nguo zilizoshonwa zamani, zikavaliwa, na bado zinavalika. Makala haya yanahusu fungu moja tu la nguo hizo: zile za baina ya 1947 na katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1947 ndio Christian Dior alipotoa Paris mtindo wa kiuno chembamba na sketi pana inayoshuka chini ya goti, na baada ya hapo dunia nzima ikamfuata kwa karibu miaka kumi. Suti za wanaume za kipindi hicho, makoti ya sufu, kofia, glavu na mikoba ya mkono zimo humu pia.

Familia nyingi za Ghuba zina ndugu Marekani, na baadhi yao wako katika miji mitatu isiyotajwa sana kwetu. Louisville, jimbo la Kentucky, umepokea Wakongomani wengi tangu miaka ya 2010, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha kubwa za majumbani mwa wanafunzi wa skuli za huko. Columbus, Ohio, una jamii kubwa ya Wasomali, ya pili Marekani baada ya ile ya Minnesota, na wamo Wasomali Wabantu wanaojua Kiswahili. Buffalo, New York, ulioko kwenye Ziwa Erie, una Wakongo, Warundi na Wasomali. Watoto wa jamii hizi wanapokuja Maskati au Dubai kutembea wamevaa gauni la 1955, shangazi zao huuliza kwa nini mtoto wa watu anavaa mitumba.

Kwetu zilikuwa nguo za aina gani

Neno mtumba kwetu lina uzito wa aibu. Bara waliziita kafa-ulaya, yaani mwenye nguo kafa huko Ulaya na sisi tumeletewa vyake. Lakini gauni la 1955 si geni kwetu hata kidogo. Wakati huohuo, chini ya buibui la kamba, bibi zetu wa Unguja na Mombasa walivaa magauni ya mtindo huohuo: kiuno kimebanwa, sketi ya marinda, kola ndogo, na shumizi ndani ili sketi ifure. Hawakuyanunua yameshonwa. Walikwenda senema za Majestic, Empire na Sultana, wakamwangalia mchezaji wa Kihindi, Kimisri au Kimarekani, wakashika mkato wa nguo kwa macho, kisha wakampelekea fundi kitambaa na maelezo. Laura Fair ameandika kwa urefu juu ya senema na watazamaji wake Zanzibar na Bara katika kitabu chake *Reel Pleasures*, kilichotolewa 2018 na chapa ya Chuo Kikuu cha Ohio. Kwa ushahidi wa macho, zipo picha za Capital Art Studio, duka lililofunguliwa Mji Mkongwe 1930 na Ranchhod Oza. Familia zilikwenda pale zimevaa nguo za shughuli, zikapigwa picha, na picha zile ndizo nyingi zilizomo leo katika albamu zetu za Oman.

Kwa hiyo msichana wa Columbus aliyevaa gauni la marinda anavaa kitu alichovaa bibi yake, ila hili lilishonwa kiwandani Marekani na la bibi lilishonwa na fundi wa Darajani. La bibi ndilo adimu zaidi. Nguo za kiwandani zilitoka kwa maelfu. La fundi lilikuwa moja, kwa mwili mmoja.

Biashara ya nguo baina yetu na Marekani nayo si ya jana. Sayyid Said na Marekani walitia saini mkataba wa biashara 1833, na 1840 jahazi Sultana likafika New York chini ya Ahmad bin Naaman. Kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichokuwa kikija Unguja kutoka viwanda vya huko ndicho tunachokiita merikani mpaka leo.

Louisville

Louisville ni mji wa farasi. Mbio za Kentucky Derby, zilizoanza 1875, hufanyika Jumamosi ya kwanza ya Mei katika uwanja wa Churchill Downs, na watu huvaa kofia pana na suti za rangi nyepesi. Mbio zenyewe zina kamari ndani yake na hapa si mahali pa kuziingia, lakini kwa sababu yake maduka ya nguo za zamani ya mji huo, hasa upande wa Bardstown Road, huwa na kofia na suti za kiangazi kuliko miji mingine. Suti inayotafutwa ni ya pamba yenye mistari na mikunjo midogomidogo, iitwayo seersucker. Jina hilo limetokana na maneno ya Kiajemi ya maziwa na sukari, kwa kuwa mistari laini na mistari ya mikwaruzo hupishana. Kitambaa hicho hakigandi mwilini na hakitaki pasi. Kwa joto la Maskati sijaona suti ya Kizungu iliyo bora kuliko hiyo.

Mji huohuo una kisa ambacho kila anayedharau nguo kuukuu angefaa kukijua. Katika miaka ya 1950 maduka makubwa ya katikati ya mji, likiwemo Stewart's kwenye kona ya Fourth na Walnut, yalipokea pesa za wateja weusi lakini hayakuwaruhusu kujaribu nguo wala kula katika mikahawa ya ndani ya duka. Mapema 1961 wanafunzi walianza kukaa kwa nguvu kwenye mikahawa hiyo, wakakamatwa kwa mamia. Pasaka ilipokaribia, siku ambayo kila familia ya Kikristo hununua nguo mpya kama sisi siku ya Idi, watu weusi wa Louisville walikubaliana kutonunua chochote. Wito wao ulikuwa hakuna kipya Pasaka hii. Walikwenda kanisani na nguo za mwaka uliopita, zilizofuliwa na kupigwa pasi, na wenye maduka wakaona hasara yake. Mei 1963 mji ulipitisha sheria ya kukataza ubaguzi katika maduka, mikahawa na mahoteli. Barabara ya Walnut leo inaitwa Muhammad Ali, kwa jina la mwana wa mji huo.

Anayenunua gauni la 1960 Louisville akikuta lebo ya Stewart's ndani yake, basi ajue ameshika nguo ya duka lile lile.

Columbus

Columbus ni mji wa kuuza nguo. Lazarus, duka lililoanza 1851 kwa nguo za kiume, lilikua likawa jengo zima la ghorofa na kufungwa 2004. Lebo yake ni ya kawaida mno katika maduka ya hisani ya Ohio. Kampuni ya The Limited ilianza hapo 1963. Kwa anayetaka kusoma zaidi ya kununua, Chuo Kikuu cha Ohio State kina mkusanyiko wa kihistoria wa mavazi wenye maelfu ya vipande. Mkusanyiko kama huo unafaa kutazamwa kabla ya kununua: ukishaona mshono halisi wa 1952 hutadanganyika tena na nguo ya juzi iliyoigizwa.

Faida nyingine ya Columbus ni mafundi. Katika maduka ya Kisomali ya kaskazini mwa mji, kama yale ya Global Mall, wapo washonaji wanaojua kuongeza mikono, kuteremsha pindo na kutia bitana bila kuuliza sababu.

Buffalo

Hapa kinachotafutwa ni koti. Theluji ya ziwa huanguka kwa futi, na tufani ya Disemba 2022 iliua makumi ya watu. Koti la sufu nzito la 1955 lenye bitana mara nyingi lina kitambaa kizuri kuliko koti jipya la bei hiyohiyo, na katika maduka ya hisani kama ya AMVETS hupatikana kwa bei ndogo. Mji ulikuwa na kiwanda chake cha suti za wanaume, M. Wile & Company, na duka lake kubwa, AM&A's, lililofunguliwa 1867; majina hayo yote hukutwa kwenye lebo.

Mtaa wa Niagara ipo Stitch Buffalo, taasisi iliyoanzishwa 2014 ambapo wanawake wakimbizi na wahamiaji hushona na kuuza kazi zao. Ina duka lake la vitambaa, nyuzi na vifungo vilivyochangiwa na watu wa mji. Anayetafuta kifungo cha zamani cha koti aanzie huko.

Kujua umri wa nguo

Muuzaji akisema ya hamsini, usimwamini, iamini lebo. Marekani sheria zake zina tarehe, na tarehe hizo zimo ndani ya kola.

Nguo yenye lebo ya maelezo ya kufua ni ya baada ya 1972. Yenye kutaja asilimia za pamba, naironi au poliesta, kwa kawaida ni ya 1960 au baada yake. Anwani yenye namba ya posta ya tarakimu tano haiwezi kuwa kabla ya 1963. Alama ya fundo la sufu ilianza 1964. Magauni mengi yana lebo ndogo ya chama cha washonaji wanawake, ILGWU: ikiwa na herufi AFL-CIO ni ya baada ya 1955, na ikiwa na rangi nyekundu, nyeupe na buluu ni ya 1974 na kuendelea. Suti za wanaume huwa na lebo ya chama ndani ya mfuko wa kifuani, na mara nyingi imechapwa mwaka 1949 au 1962. Huo ni mwaka wa muundo wa lebo, kwa hiyo suti haiwezi kuwa ya kabla yake.

Zipu ya chuma ubavuni ni dalili ya miaka ya 1940 na 1950. Ya plastiki mgongoni ni ya baadaye. Namba za ukubwa zisahau kabisa. Namba 14 ya 1955 inaweza kumkaa leo mvaaji wa namba 8. Chukua utepe, upime kifua, kiuno na urefu wa mgongo. Kisha inua nguo kwenye mwanga uangalie kwapa, maana hapo ndipo kitambaa hufa kwanza na hakuna fundi wa kukifufua.

Anayoangalia Muislamu

Watu wengi hufua nguo kabla ya kuiswalia, na hilo huondoa shaka. Lililo gumu zaidi ni vitu vilivyotengenezwa nguo yenyewe. Tai za zamani nyingine ni hariri halisi na nyingine ni rayoni, na kwa macho zinafanana. Chomoa uzi mmoja upande wa ndani uuchome: hariri hunuka nywele zilizoungua, rayoni hunuka karatasi. Viatu vitazame ngozi. Ngozi ya nguruwe ina vitundu vya nywele vilivyokaa vitatuvitatu. Viatu laini vya Hush Puppies, vilivyotoka 1958 na kupendwa sana, vilitengenezwa kwa ngozi hiyo.

Kwa wanawake mkato wa 1950 ni mwepesi kuusitiri: sketi ni ndefu na pana, na shati la mikono mirefu chini ya gauni lisilo na mikono ndivyo lilivyovaliwa hata wakati wake. Nguo za baada ya 1965 ndizo zinazopanda juu ya goti.

Sanduku la bibi

Vilivyobaki vya kwetu ni vichache. Waliotoka Unguja 1964 wengi walitoka na sanduku moja, na lililokuwemo ndani ndilo lililofika Oman. Kila mwaka bibi mmoja anafariki, sanduku linafunguliwa, kanga zinagawiwa na magauni yanatupwa kwa kuwa hayamkai mtu. Yasitupwe. Kanga pia ziangaliwe pindoni: alama kama K.H.E. – Mali ya Abdulla inaonyesha ilitoka kwa mfanyabiashara gani wa Mombasa, na kanga zenye jina kwa herufi za Kiarabu ni kuukuu zaidi.

Nguo ifuliwe, ikauke kabisa kivulini, isiwekwe ndani ya mfuko wa plastiki kwani unyevu wa Maskati utaiotesha ukungu. Naftalini isiguse kitambaa. Makumbusho hufunga nguo zao katika kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilichofuliwa mara mbili au tatu, ambacho ni merikani yetu ile ile; wauzaji wa vitambaa wa Mutrah wanacho. Kabla ya kufunga, shona ndani ya kola utepe mdogo wa pamba ulioandikwa jina la mwenye nguo, mtaa aliokaa, mwaka, na kama kuna anayekumbuka, jina la fundi.